Ili Sauti Isikatike

Nilirudi Kolwezi kutoka Lubumbashi nikiwa na diploma ya informatiki, begi moja la nguo na laptopu yenye ufa kwenye pembe ya kioo. Nilirudi kwa baba, mtaa wa Kapata, katika nyumba ya kampuni aliyopewa zamani alipokuwa bado fundi wa mitambo mgodini. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Kaka yangu alikuwa ameoa Lubudi na analima mahindi huko. Kwa hiyo nyumba ile ya safu, iliyowahi kujaa watoto, ndugu na wageni kutoka Kasai, ilikuwa na baba peke yake, na redio yake.

Redio ilikaa juu ya kabati la vyombo. Baba aliiwasha mapema jioni, wakati wa matangazo ya misiba, na hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza. Alikuwa akiniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Nyamaza kwanza, mama," alikuwa akisema. "Tusikie nani ametutoka."

Wenzake wa kazini walikuwa wametawanyika. Kampuni ilipoanguka, wengine walirudi vijijini, wengine walikwenda kuchoma makaa upande wa Mutshatsha, wengine hakujua walipo. Redio ndiyo iliyompa habari zao, na mara nyingi ilimpa ile ya mwisho.

Kazi niliipata kwa mwenzangu niliyesoma naye. Alikuwa ametoka kaskazini, upande wa Manono, mtoto wa mchungaji, mkubwa wangu kidogo, nami nilimwita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. Alipanga chumba karibu na soko, akaweka meza moja na viti viwili, akaniambia nije. Tulitengeneza programu za maduka ya dawa, za shule, za mama mmoja aliyeuza saruji. Alikuwa na mikono myepesi. Jambo ambalo mimi ningelizunguka asubuhi nzima, yeye alilifanya huku akipiga hadithi na kula karanga. Nikikumbuka miaka ile, chumba kile ndicho mahali ambapo sikuwahi kujisikia peke yangu.

Siku moja alikuja mkurugenzi wa redio ndogo ya mjini, ileile aliyoisikiliza baba. Alikuwa tata, yaani baba mtu mzima, mwenye sauti nzito, mpole, mwenye koti ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Kijana wao aliyekuwa akibonyeza matangazo moja baada ya jingine alikuwa ameacha kazi na kwenda kuchimba. Alitaka programu ya kuwekwa kwenye kompyuta ya studio: matangazo yarekodiwe, yapangwe, kisha yapigwe yenyewe saa ikifika.

"Bantu ba huku banasikia misiba kwa redio tu," alituambia. "Tangazo likikosa, muntu anazikwa bila ndugu yake."

Tuliikubali. Yaya aliamua tutumie vile vyombo vya kutengenezea kurasa za mtandao, ambavyo wote wawili tulivijua vizuri. Ukivitumia, kila kitu kimeshatengenezwa na watu wengine: vitufe, kalenda, kupiga sauti, rangi. Wewe unaunganisha tu. Gharama yake ni kwamba programu ndogo ya kupiga matangazo inabeba kivinjari kizima ndani yake, na kila inapofunguka kivinjari hicho nacho kinafunguka. Kwenye laptopu zetu hatukuona tatizo. Tulimaliza haraka, na ilikuwa nzuri kwa macho. Mkurugenzi alipoona majina yakijipanga na saa ikihesabu kwa rangi ya kijani alipiga makofi.

Jioni ya kwanza nilikaa na baba mbele ya kabati. Sikumwambia kitu, nilitaka kumshangaza. Muziki ukaisha, sauti ya mtangazaji ikaanza: familia fulani inawatangazia ndugu na marafiki kifo cha baba yao, matanga yako... Hapo sauti ikakatika. Ikarudi, ikakatika tena, ikatoa kipande cha neno, ikaruka. Tulisikia "kwenye avenyu," kisha hatukusikia avenyu gani. Tangazo lililofuata likaanza.

Baba alisogea karibu na redio. Aliipiga ubavuni kwa kiganja, kama alivyozoea.

"Haiko redio yako, tata," nikamwambia. "Ni programu yetu."

Akaniangalia. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Basi ule muntu, matanga yake iko wapi?"

Kesho yake tulikuwa studio. Kompyuta yao ilikuwa ya zamani, ya msaada, imepita mikono mingi kabla ya kufika Kolwezi. Feni yake ilinguruma hata ikiwa imekaa bila kazi. Tulipofungua programu yetu tuliona jinsi memori ilivyojaa kabla hata ya kupiga tangazo la kwanza. Mtangazaji akifungua na programu yake ya kurekodi, basi mashine ilianza kutafuta pumzi.

"Mashini njo iko na mubaya," yaya alisema. "Programu haina kintu. Tata, munapashwa kutafuta mashini ingine."

"Mwana yangu," mkurugenzi akajibu, "ningekuwa nayo, ningekuwa nimekaa mbele yake."

Tulirudi chumbani kwetu. Niliposema kwamba afadhali tuiandike upya, kwa lugha ya zamani inayozungumza na mashine moja kwa moja, bila kivinjari, yaya alicheka kwanza. Kisha akaona sichezi.

"Dada, sikiliza," alisema. "Kile tulifanya kwa majuma machache, we utakifanya kwa miezi. Kila kitufe utakichora mwenyewe. Na ukigonjwa, nani ataendelea? Hivi vyombo vyetu, kijana yeyote wa Lubumbashi anavijua. Anafungua kazi yetu, anaelewa, anaendelea. Ile lugha yako, nani wa hapa anaisoma?"

"Lakini inapashwa kupiga pale, yaya. Kwa mashini ile."

"Leo ni mashini ile. Kesho itakuwa ingine."

Alikuwa sahihi, na mimi pia nilikuwa sahihi. Nadhani hilo ndilo lililofanya mazungumzo yale kuwa magumu. Kama mmoja wetu angekuwa anasema upuuzi, tungecheka na kwenda kula. Tulijaribu kwanza kuipunguza: tukaondoa rangi, tukaondoa kalenda, tukazima kila kilichozimika. Sauti ilikatika mara chache kuliko mwanzo, lakini bado ilikatika. Mwishowe akaniambia, "Fanya yako. Mi sikukatazi. Lakini mi siingie mule."

Haukupita muda akapata kazi Lubumbashi, kwenye kampuni inayotengeneza programu pamoja na watu wa nchi nyingine. Nilimsindikiza kwenye basi. Alikuwa na furaha na alijaribu kuificha kwa ajili yangu. Alinishika mkono kwa muda mrefu, akaniambia nisimsahau, halafu dereva akapiga honi. Nilirudi sokoni, nikafunga chumba, nikarudisha funguo kwa mwenye nyumba. Meza ilikwenda Kapata juu ya mkokoteni. Viti vyote viwili pia, ingawa kimoja sikukihitaji.

Kuanzia hapo nilifanya kazi nyumbani, asubuhi mpaka umeme unapokatika. Sijui kama mtu ambaye hajaifanya kazi hii anaweza kuelewa upweke wake. Ukitumia vyombo vinavyotumiwa na watu wengi, kila unapokwama kuna mtu amekwama pale kabla yako, ameuliza, amejibiwa. Unasoma majibu na unahisi kuna watu. Mimi nilikuwa nimeingia mahali ambapo watu walishahama. Nilikuta maswali ya zamani kwenye mtandao, mengine bila jibu. Mara moja nilipata mtu aliyekuwa na shida ileile niliyokuwa nayo, amesimulia kila kitu vizuri, na chini yake ameandika kwamba ameshaitatua. Hakusema vipi. Nilimwandikia. Sijui alikuwa nchi gani, wala kama bado yupo. Nilikuwa nikifungua kuangalia kila asubuhi kabla ya chai, kisha nikaacha.

Nilijifunza kusoma faili la sauti kipande kwa kipande, badala ya kulimeza lote. Nilijifunza kuomba memori kidogo na kuirudisha mara tu ninapomaliza. Baba alikaa upande wa pili wa meza akimenya mihogo au akishona viatu vyake, na wakati mwingine nilimpigia tangazo la majaribio ambalo nilikuwa nimelisoma mwenyewe.

"Kati ya la kwanza na la pili kuna kintu kinalia," aliniambia mara moja. "Kadogo. Sawa muntu anavunja kijiti."

Sikuwa nimekisikia. Niliweka visikilizio masikioni, nikakisikia. Kilinitesa kijiti hicho. Baba alikuwa akiuliza kila jioni, "Kimekufa?" nami nikijibu, "Bado, tata." Siku niliyokiua tulifurahi wote wawili, akaenda mwenyewe kununua samaki wa kukaushwa.

Nilipoipeleka redio, mkurugenzi aliketi mbele ya mashine, akabonyeza, na dirisha likafunguka kabla hajaondoa kidole. Lilikuwa dirisha la kijivu, lenye orodha ya matangazo na vitufe vichache. Alilitazama, akasubiri.

"Basi? Ni hii tu?"

"Ni hii tu, tata."

Feni haikubadilisha mlio wake. Matangazo yalipigwa jioni ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyenisimamisha njiani kuniambia kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuambiwa: mtu alikufa, ndugu zake wakasikia, wakaenda. Nilimtumia yaya ujumbe kwamba imefaulu. Alinijibu kwa alama ya makofi, na baadaye akaongeza, "Unaona, ulishinda." Sikuhisi kushinda. Nilitamani angekuwepo aone jinsi lile dirisha linavyofunguka.

Baba aliumwa kifua mwanzoni mwa msimu wa mvua. Alikuwa na kikohozi cha miaka mingi, kama wengi wa mtaa wetu, kwa hiyo hatukuogopa haraka. Hospitalini walimwekea oksijeni. Alinishika kidole gumba, hakusema maneno makubwa, aliuliza tu kama nimekula. Asubuhi moja alikuwa hayupo.

Kaka yangu alifika kutoka Lubudi. Wanawake wa parokia walijaza uwanja wetu, wakakoka moto, wakaimba kwa Tshiluba nyimbo ambazo mama alikuwa akiziimba. Mimi nilipeleka tangazo redio kwa mkono wangu. Mkurugenzi alilisoma mwenyewe kwenye maikrofoni, polepole, majina yote, ukoo wote, mahali pa matanga. Kisha akanigeuzia kiti.

"Uliweke mwenyewe mu programu, mama? Ni yako."

"Hapana, tata. Weka tu."

Jioni nilikuwa nimekaa chini, kwenye mkeka, kati ya mama wawili walionishika mabega. Mtu aliwasha redio ya baba. Wote wakanyamaza. Sauti ya mkurugenzi ikaja na jina la baba likasemwa lote, la kwanza mpaka la mwisho, na Kapata, na safu ya nyumba yetu, na saa ya maziko. Wanawake wakapiga yowe. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikisikiliza mahali ambapo tangazo linaisha na jingine linaanza, nikingoja kama kutakuwa na mlio. Niligundua kwamba sikuwa nimelisikia jina la baba, nilikuwa nimeisikiliza programu. Mama aliyekuwa kushoto kwangu alidhani uchungu umeniziba, akanipapasa mgongo. Sikuweza kumweleza. Sijamweleza mtu mpaka leo.

Asubuhi ya maziko walianza kufika wazee nisiowajua. Mmoja alikuja kwa baiskeli kutoka upande wa Mutshatsha, suruali yake ikiwa bado na vumbi la makaa. Wengine walipanda lori usiku kucha. Walikuwa wenzake wa mgodini. Yule wa baiskeli alinisalimia kwa mikono miwili.

"Tulisikia kwa redio," alisema. "Yote. Mpaka na namba ya nyumba. Hata sikuuliza muntu njia."

Hapo nililia, na nililia vibaya, mpaka kaka yangu akaja kunishika.

Baada ya matanga watu waliondoka mmoja mmoja. Kaka alirudi kwenye mahindi yake. Aliniomba niende naye Lubudi, nikasema nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilikuwa nikipika chakula cha watu wawili kisha nashangaa. Jioni sikuwasha redio. Nilisikia ya jirani kupitia ukuta, maneno hayaeleweki, lakini niliweza kujua kwamba sauti haikatiki.

Kisha redio ikapata kompyuta mpya. Wafadhili waliileta, ina nguvu, haipigi kelele, na mfumo wake ni mpya. Mkurugenzi aliniita kwa furaha. Alitaka sasa wasikilizaji waweze kutuma ujumbe wa sauti kwa simu, nao uingie wenyewe kwenye orodha ya matangazo. Lilikuwa ombi la haki kabisa. Watu wa vijijini wasingehitaji tena kupanda pikipiki kuleta karatasi.

Nilianza. Kila kitu ambacho vyombo vya siku hizi vinakupa bure, mimi nilipaswa kukijenga: namna ya kuzungumza na mtandao, namna ya kubadilisha sauti za simu, namna ya kulinda ujumbe wa watu. Nilifanya kazi majuma na majuma na nilikuwa bado nje ya mlango. Mkurugenzi alipiga simu kuuliza, kwa adabu. Akapiga tena. Nilimwambia karibu.

Siku moja alikuja mwenyewe Kapata, na koti lake. Aliketi kwenye kiti cha baba, akakubali maji, akayashika bila kunywa.

"Mama, ni vizuri nikuambie mi mwenyewe," alisema. "Tulipata programu ingine. Ya Lubumbashi. Ya kampuni ya ule mwenzako. Inapokea sauti za simu, yote iko ndani. Balikuja, baliiweka siku moja."

"Inakatika?"

"Hapana. Kwa mashini mupya, haikatike."

Nilikwenda kuiona. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kivinjari chake tumboni, nzito kama ile yetu ya kwanza, na mashine mpya iliibeba bila shida. Mtangazaji alinionyesha jinsi ujumbe unavyoingia, bibi mmoja akimtafuta mjukuu wake kwa sauti yake mwenyewe, inayotetemeka, na nikajua kwamba programu yangu isingemfikisha bibi yule hewani mwaka ule, labda wala mwaka uliofuata.

Nilimpigia yaya kutoka barabarani, nje ya studio, pikipiki zikipita.

"Umekasirika?" aliuliza kabla ya salamu.

"Hapana. Umeifanya vizuri."

"Sikuifanya mi peke yangu. Tuko wengi." Kisha akasema, "Dada, ile yako ilikuwa nzuri kuliko yetu. Mi najua. Niliifungua siku moja nilipokuja Kolwezi, mkurugenzi alinionyesha. Sikukuambia. Nilikaa pale nikaifunga na kuifungua, naifunga na kuifungua."

"Ungekuja nyumbani."

"Niliona haya. Tata yako alikuwa amekufa na mi sikufika."

Tulizungumza mpaka salio lake likaisha, akapiga tena. Aliniambia wanatafuta mtu wa sehemu ya sauti, kwamba naweza kufanya kazi kutoka Kapata. "Utachoka kukaa peke yako na ile programu," alisema. Nilikubali. Sikukubali siku ileile, lakini nilikubali.

Sasa nina wenzangu. Asubuhi nasikia sauti zao kwenye laptopu, kutoka Lubumbashi na kutoka miji nisiyoijua, tunasemezana habari za kazi, mtu anacheka, mtoto wa mtu analia nyuma. Nikikwama nauliza na ninajibiwa kabla chai haijapoa. Natumia vile vyombo vizito kama kila mtu na ninashukuru vipo. Mkutano ukiisha sauti zinazimika zote kwa pamoja, na nyumba inarudi ilivyo.

Ile kompyuta ya zamani haikutupwa. Mkurugenzi aliipa redio changa ya Mutshatsha, chumba kimoja karibu na reli, paneli mbili za jua juu ya bati. Aliniuliza kama nitakwenda kuiweka sawa. Nilipanda lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua makaa, nikafika na vumbi mpaka kwenye kope.

Mtangazaji wao ni mama wa makamo, mkulima, anayekuja studio akitoka shambani. Tuliunganisha waya, tukawasha. Feni ilinguruma. Dirisha la kijivu likafunguka papo hapo, na kwa betri ile ya jua, ambayo programu nzito ingeimaliza mapema, orodha ilipigwa mchana wote. Alijifunza haraka. Alirekodi, akapanga, akafuta, akarekodi tena, akijicheka sauti yake. Kisha akakunja mikono, akauliza jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza ila yaya.

"Mama, ikiharibika siku moja, tuite nani?"

"Muniite mi."

"Na kama hauko?"

Niliangalia mashine. Nilifikiria kumwambia kwamba haitaharibika, au kwamba kuna watu Lubumbashi. Nikamwambia ukweli.

"Hakuna mwingine, mama. Ni mi tu njo ninaijua."

Alinitazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayeonekana amechoka, akanisogezea sahani ya karanga za kuchemsha aliyokuwa amekuja nayo.

"Basi kula," alisema. "Kula vizuri, uwe muzima."

Akavaa visikilizio. Taarifa za saa kumi zilikuwa zinakaribia, nami nilichukua karanga zangu nikaenda kukaa nje, kwenye ngazi, upande wa reli.